Mtoto Asiyesumbua

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kumi na moja tangu nijifungue. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana uji, jioni uji. Nikitoka humu ndani nitakuwa nimegeuka uji. Mkandaji kaja saa mbili, kanimwagia maji ya moto mgongoni kama anayenyonyoa kuku. Kisha kanifunga tumbo kwa kanga mpaka pumzi haipiti. Nimemwambia inabana. Kasema ndiyo kazi yake.

Mlango una pazia. Nyuma ya pazia uko mtaa wote wa Gongoni: pikipiki, wauza maji, redio ya jirani. Mimi sivuki hapo mpaka arobaini. Baba Nasra yuko porini upande wa Sikonge, ananunua asali, simu haishiki. Kanikabidhi kwa mama yake, kaondoka zake. Wanaume wana bahati.

Idrisa ananyonya vizuri. Naandika kila mara anaponyonya kwenye ukurasa wa nyuma.

Jumatano, 6 Agosti

Nasra kaanguka tena. Uani, karibu na pipa la maji. Nilisikia kishindo, nikajua. Sikutoka. Nilisimama nyuma ya pazia kama mfungwa, namsikia Mama mkwe akimlaza ubavu na kumwita Mungu. Dakika tatu hivi. Baadaye mtoto kaja kulala miguuni pangu, kajikojolea, kidevu kimechubuka. Miaka saba sasa. Vidonge asubuhi, vidonge jioni, na bado kifafa kinamwangusha.

Hasikii. Mguu wa kulia anauburuta. Akicheka anacheka kwa sauti ya juu mno, watu wanageuka. Yote yalianza akiwa na siku kumi na tisa: homa ya uti wa mgongo. Daktari alisema vijidudu vimeshafika kwenye ubongo, mngemleta mapema. Hiyo "mngemleta mapema" naisikia mpaka leo.

Mtaani wanasema ni Mama mkwe. Mwanamke wa kizamani, eti alimfungia mzazi ndani kwa ajili ya arobaini mpaka mtoto akaharibika. Wanayasema hayo mbele yangu. Sijawahi kuwakatalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, watu hawana kazi, wamejaa humu. Sabuni, sukari, kanga mbili. Wamempokezana Idrisa. Kila mmoja wimbo uleule: mtoto gani huyu, mpole, hasumbui kabisa. Mmoja kamtazama Nasra kwanza, halafu kasema, "Alhamdulillahi, safari hii umepata mtoto." Nilitaka kummwagia uji. Nasra alikuwa anamchekea yule mwanamke.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanyonya mara nne tu tangu alfajiri. Mwili una moto. Lakini jiko la mkaa liko humuhumu chumbani, nani asingepata moto? Nimemwomba Mama mkwe alitoe. Kalitoa bila kubisha. Kisha kamshika mtoto kipaji cha uso, kanitazama. Nikajifanya nakunja nepi.

Nasra naye alikuwa mpole. Walimsifu vivyo hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Jiko halimo tangu jana na bado anaungua. Ziwa analishika, analiachia. Nikimkuna unyayo anafumbua macho, anafumba. Kilio chake chembamba, hakifiki hata dirishani.

Amelala tu. Watoto wachanga hulala. Kesho nitasema apelekwe.

Nimeandika kesho. Naogopa. Hospitali naijua, korido naijua, na maneno yao nayajua. Nikinyamaza humu ndani, bado ni mtoto aliyelala. Nikisema, basi ni mgonjwa. Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumapili hiyohiyo, saa kumi jioni

Niko kwenye benchi la hospitali. Baada ya adhuhuri Mama mkwe aliingia amevaa baibui lake la kutokea. Bajaji ilikuwa mlangoni tayari. Akamwinua Idrisa kitandani. Nikasema amelala, Mama, tungoje kesho.

Akasema, "Mama Nasra, safari hii sikusikilizi."

Acha niandike, nani atasoma. Miaka saba iliyopita aliingia vilevile, amejitanda, siku ya pili ya homa ya Nasra. Mimi ndiye niliyekataa. Mtoto alikuwa amelia mchana na usiku, ndiyo kwanza kanyamaza, nikaona amepata nafuu. Nilitaka kulala. Nikasema sijatimiza arobaini, mtoto hatoki bila mimi, na mimi sitoki, watu watasemaje. Mila zake mwenyewe nikamrudishia. Akanisikiliza kwa sababu mtoto alikuwa wangu. Siku mbili baadaye tukampeleka amekakamaa. Watu wakamlaumu yeye, mpaka mwanawe wa kumzaa akamlaumu. Hakufungua mdomo. Nami nikamwacha aubebe mzigo wangu miaka yote hii, nakula chakula chake. Mimi ni mwoga. Na mwongo.

Leo nimevuka pazia siku ya kumi na saba. Nje kulikuwa na jua na vumbi.

Alhamisi, 14 Agosti

Walimchoma mgongoni, wakatoa maji, wakapima. Ni ugonjwa uleule. Sindano kwa wiki tatu. Daktari ni kijana, anaongea taratibu. Kasema mmewahi. Nikaanza kulia. Halafu kasema kuwahi si mwisho wa habari: masikio, degedege, kukaa, kutembea, vyote vitaangaliwa mwaka mzima na zaidi. Nilidhani nikishatoka ndani nimetoka. Kumbe nimehamishwa chumba.

Mama mkwe anakaa na Nasra nyumbani, mara mbili kwa siku analeta uji. Naunywa wote.

Baba Nasra kapata mtandao, kapiga. Swali la kwanza: Mama kamchelewesha tena? Nikasema hapana. Nikamweleza yote, ya sasa na ya zamani. Nikatazama simu kama imekatika.

Jumanne, 19 Agosti

Kafika, ananuka moshi wa porini. Alimkuta mama yake wodini. Kasema shikamoo, kainama, hakuinuka. Mama kamwitikia marahaba, akamwekea bakuli mikononi amshikie, eti yeye mikono imejaa. Mikono haikuwa na kitu.

Mimi hajanisemesha. Ni haki yake. Imeniuma hata hivyo.

Jioni nilimwomba Mama mkwe radhi. Kasema na yeye angeweza kumbeba mtoto siku ile akaondoka naye, akaniacha nipige kelele. Miaka saba anajiuliza kwa nini hakufanya hivyo. Halafu kaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 1 Septemba

Ruhusa. Homa hakuna, ananyonya kama mwenye kisasi. Nesi kasema masikio yatapimwa baadaye kwa mashine. Kwa sasa mtazameni nyumbani, akishtukia kelele ni dalili nzuri, ingawa si jibu kamili.

Sijapiga makofi hata mara moja karibu naye. Natembea kwa ncha za vidole. Mlango naufunga polepole. Nimewakataza wote wasifanye kelele na sikuwaambia sababu. Kama hasikii, naomba nisijue leo. Wala kesho.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi, uani. Mama mkwe anachambua mchele. Idrisa kalala mkekani, chini ya chandarua chake. Nasra anaosha vyombo, kazi anayoipenda, maji kila mahali. Kamaliza sinia la bati, kaliachia kwenye saruji.

Idrisa karusha mikono yote miwili. Kafumbua macho, kapasua kilio.

Mchele ulimwagika. Mama mkwe kajifunika uso kwa upande wa kanga.

Nasra alikuwa hatua mbili kutoka kwa mdogo wake, kampa mgongo. Kaokota sinia, kaona bado lina masizi, kaendelea kulisugua.

Nilimwacha Idrisa alie kidogo, nimsikilize. Kisha nikaenda nikamgusa Nasra begani, nikamwonyesha. Kafuta mikono kwenye gauni, kapiga magoti, kamwekea mtoto kiganja kifuani. Kakiacha hapo mpaka kifua kilipotulia.