Convertisseur Yenye Kulia

Mujukuu wangu Paluku,

Tunakusalimia toka Butembo. Mama yako amerudi toka Mangina na maharagi, tuko wazima. Mutoto wangu Masika anaota meno, donc silali. Usicheke: mimi ni mudogo wa koko yako, basi ni koko yako pia, hata kama nakupita myaka kumi tu.

Unauliza kama utie fil, ile waya, ili uruke protection yenye kuchunga convertisseur yako, ile mashini ya kugeuza moto ya batri, sababu inajizima ukichomeka fer ya pasi. Hapana.

Zamani nilisuka nywele katika salon moja ya Vulamba. Siku moja bibi arusi alikuwa anakimbilia misa, nikachomeka séchoir mbili za kukausha nywele. Convertisseur ikalia, ikajizima. Nikaiwasha, ikalia tena. Kwa kuona haya nikaifunika na kitambaa cha kikwembe. Fundi wa umeme akafika, akakifunua.

"Kavugho, mutoto akilia unamufunika kinywa?"

Tukacheka, bibi arusi akanishinda. Fundi akatuonyesha kipande kidogo chenye kupima courant, ule umeme yenye kutoka. Ikipita nguvu ya mashini, kinafunga njia kabla ya transistor za ndani kuungua.

"Haikufa," akasema. "Inajichunga."

Akachomoa séchoir moja, ingine ikafanya kazi. Bibi arusi alifika misa na nywele mbichi nyuma, mais aliolewa.

Fer yako inaomba kupita yenye mashini inaweza kutoa. Piga pasi na fer ya makala. Ukitia ile fil, haitalia tena, itaungua na nyumba, na wewe ndani.

Masika anaanza kulia. Siku hizi sifuniki kitu. Naenda kumubeba.

Koko yako Kavugho