Mkono Wako Si wa Watu

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mjomba hamjambo, na lile goti lako limeanza kuisikia dawa. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inamfuata mtu mpaka kitandani.

Masomo yameanza kwa kasi. Wenzetu hapa, mwanafunzi wa uhandisi hakai darasani tu. Asubuhi hesabu, mchana karakana, na kila wiki tunaingia maabara ya kupima vyuma. Kuna mashine moja ungeipenda. Ni nyundo kubwa inayoning'inia kwenye mkono mrefu. Unaivuta juu, unaiachia, inashuka na kukipiga kipande cha chuma mara moja tu, kisha unasoma kwenye kipimo chake chuma kilivumilia kiasi gani kabla ya kukatika. Kipande kikishapigwa hakipigwi tena, kinatupwa. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka marehemu baba na sheria yake ya pigo moja kule machinjioni.

Bweni moja nami nimemkuta Kifaru, mtoto wa yule mama fundi cherehani wa mtaa wa pili. Yeye alitangulia mwaka mmoja kwa ufadhili huuhuu. Amenipokea.

Samahani kwa mwandiko uliopinda. Niliteleza bafuni, sikio likachanika kidogo, nami nimelala upande mmoja wiki nzima. Si kitu.

Nibusie kila mtu.

Mwanao


30 Januari

Injinia wangu,

Marahaba, uishi mpaka uote mvi. Sisi wazima. Goti halijapona wala halijazidi, tumezoeana. Mjomba wako anakusalimu, anauliza huko nyama inauzwaje. Nimemwambia hukwenda kununua nyama.

Sasa nisikilize. Mimi nimekaa machinjioni miaka mingi kuliko umri wako. Naijua ngozi iliyochanika na namna ilivyochanika. Mtu akiteleza bafuni huumia goti, kiwiko, makalio, na aibu. Sikio halitelezi. Sikio huchanwa na pete ya mtu, au kiatu cha mtu.

Na hilo neno lako "amenipokea" nimelisoma mara tatu na kila nikilisoma linanuka. Huyo Kifaru ndiye ambaye mdogo wake alikuwa wa pili kwenye usaili, nyuma yako? Mama yake hanisalimii tangu majina yalipotoka. Tukikutana dukani anageuka kuangalia sabuni.

Nani kakupiga? Niandikie ukweli. Nikija kuusikia kwa mwingine nitakuja huko kwa miguu, goti na lote.

Mama yako


17 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kuwa mu wazima. Mimi pia mzima, nasema hivyo kwa maana ya kuwa napumua.

Umeshinda. Sikuteleza. Ni Kifaru. Siku ya kwanza alinikaribisha bafuni kunionyesha maji ya moto yanapofunguliwa, akafunga mlango kwa ndani, akanigongesha kichwa kwenye sinki mpaka sinki likapata ufa. Aliniambia, "Kitanda hiki ni cha mdogo wangu. Wewe mtoto wa mchinjaji umekikalia tu."

Tangu hapo amenivunja jino la nyuma. Ameninyunyizia maji yanayochemka mgongoni. Wiki iliyopita karakanani, wengine walipokwenda kula, alikibana kidole changu cha kushoto ndani ya jiliwa, ile ya kubania vyuma, na kuikaza taratibu huku akiniuliza nina mpango gani wa kurudi nyumbani. Kidole kilialika kama kijiti. Daktari nilimwambia nilijibana mwenyewe.

Usiulize kwa nini simrudishii. Ufadhili una sharti moja lisilo na msamaha: mwanafunzi akimpiga mwenzake, anarudishwa kwao, na nafasi inakwenda kwa aliyemfuata kwenye usaili. Aliyenifuata unamjua. Kifaru naye analijua sharti hilo vizuri, ndiyo maana yeye hunipiga pasipo macho ya mtu. Mbele za watu hanigusi hata kwa ukucha, ananitukana tu na kunisukasuka kwa maneno, akingoja mimi ndiye niinue mkono. Nilishtaki kwa msimamizi wa bweni, akataka shahidi. Sikuwa naye. Jioni ile nililipia huko kushtaki kwangu, na nililipa kwa mbavu.

Kwa hiyo nimekuwa ukuta. Imebaki miaka mitatu na nusu, nimalize, nirudi na shahada, nibuni mashine ya machinjio mjomba apumzishe bega lake. Sitaki kitu kingine duniani. Usimwambie mjomba, na nakuomba usiende kwa fundi cherehani.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Salamu nitazitoa siku nyingine, leo sina.

Kidole! Kidole cha mtoto niliyemzaa, kwenye jiliwa! Nimeisoma barua yako nimesimama pale kwenye gogo la kukatia, na mteja aliyekuwa mbele yangu, mwanamume mzima, kaniambia, "Mama, mbona unazubaa, nikatie nyama." Nimekishusha kisu cha kukatia mfupa karibu na mkono wake, kikazama kwenye gogo mpaka mjomba wako akaja kukichomoa kwa mikono miwili. Mteja ameondoka bila nyama na bila kofia.

Ukuta? Nani kakwambia ukuta hauanguki? Ukuta ukipigwa kila siku huanguka, tena humwangukia aliye ndani. Shahada utaisomea na kichwa gani, kikishapasuka? Hao wafadhili watakuzika?

Mpige. Nakuruhusu mimi mama yako. Mpige mara moja, ajue ulikozaliwa. Mtu wa namna ile akionja mara moja huwa kondoo. Wakikurudisha, rudi. Kazi ipo, na gogo lipo. Sikukuzaa uwe ngoma ya mtoto wa fundi cherehani.

Mama yako


9 Machi

Mwanangu mpendwa, kipenzi changu,

Natumaini barua hii imeitangulia ile ya kwanza. Kama hii ndiyo umeifungua kwanza, ile nyingine ikija itie motoni bila kuisoma. Kama ile umeshaisoma, futa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nimejikwaa.

Usimpige.

Leo asubuhi waliletwa mafahali. Mjomba bega lilimsumbua, akampa nyundo yule mfanyakazi mpya. Kijana akapiga, fahali akapepesuka, hakuanguka. Akapiga tena. Unaijua sheria ya baba yako: nyundo ni huruma, ng'ombe azimie kabla hajakiona kisu, na anayehitaji pigo la pili anavua aproni anakwenda kukaa nje mpaka jioni. Kijana kavua, kakaa nje, analia. Mjomba akatikisa kichwa akasema, "Injinia hakuwahi kuvua aproni. Hata siku moja."

Basi nikakiacha kisu kwenye gogo, nikatoka.

Watoto wengine hujifunza kupigana mtaani. Wanajua kofi la kutisha, wanajua ngumi ya bega, wanajua kumwangusha mtu kwenye vumbi kisha wakacheka naye. Wewe nilikuzuia. Tangu uliposhika nyundo ya baba yako nilikuwa nakwambia kila asubuhi ukienda shule: mkono wako si wa watu. Ukachokozwa, ukakimbia, wakakuita mwoga, nami nikakusifu. Hujawahi kumpiga mtu maishani mwako. Hujui pigo la kumkanya mtu. Unajua pigo moja tu, nalo halikanyi.

Na mimi, niliyekufunga mkono huo, ndiye niliyeufungua kwa kalamu!

Nimekwenda posta kupiga simu bwenini. Bawabu kanijibu kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa yangu, tukapigiana kelele mpaka hela ikaisha. Nimekupigia tena mchana, ikaita tu. Endelea kuwa ukuta, mwanangu. Au kimbia. Wakikuita mwoga nitakusifu tena.

Mama yako anayekuomba


29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi mwili hauna shida. Nakuandikia kutoka mahabusu, lakini usipige kelele, soma mpaka mwisho.

Barua yako ya kwanza ilifika Jumanne. Sikuisoma mimi kwanza. Kifaru aliichukua kwa bawabu, akaja nayo maabara, darasa zima lipo, mwalimu ametoka kidogo kuchukua vipimo. Akapanda juu ya kiti akaisoma kwa sauti, akiigiza sauti ya mwanamke. Hawaelewi lugha yetu, kwa hiyo aliwatafsiria. Walicheka penye kisu na mteja, hata mimi nilikaribia kucheka, kwa kuwa nilikuona kabisa umesimama pale kwenye gogo. Kisha akafika kwenye "mpige mara moja."

Akashuka kitini. Akaja mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, akasema, "Haya. Mama ameruhusu." Nikarudi nyuma, nyuma yangu kuna mashine ya nyundo. Akainamisha kichwa akanipa paji la uso, akaligonga kwa kidole chake: "Hapa. Piga hapa, mchinjaji."

Mama, mtu mwingine asingeelewa. Wewe utaelewa. Mbona alinipa paji? Angenipa shavu, angenipa kifua, nisingejua la kufanya. Lakini kichwa kiliinama kama vinavyoinama vichwa vyote pale kwetu, nami sikuamua kitu. Miguu ilijipanga yenyewe. Bega likajua. Ngumi tupu, Mama, haikuwa nyundo, wala sikuiona ikitoka.

Alianguka magoti kwanza, kisha upande, vilevile kama wanavyoanguka. Damu ilimtoka puani na masikioni. Mguu mmoja ukawa unakwaruza sakafu. Watu walipiga mayowe, mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimepiga goti kando yake, na hapo nikauona mkono wangu wa kushoto, wenye kidole kilichofungwa bandeji, unapapasa kiunoni. Sikujua unatafuta nini. Baadaye ndipo nilipojua. Ulikuwa unatafuta kisu.

Namshukuru Mungu hakikuwapo, na namwogopa Mungu kwa sababu nilikitafuta.

Kifaru yuko hospitali, hajafumbua macho. Ufadhili ulifutwa kesho yake, bila hata kuniita. Barua yako ya pili wameniletea leo humu. Nimeisoma. Usijilaumu kwa kuchelewa, posta haikujua imebeba nini.

Walinifungulia jalada wakaniuliza kazi ya wazazi. Niliposema, aliyekuwa akiandika aliinua macho akanitazama mikono.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimeona afya yako, nimeshukuru. Sisi tu wazima wa mwili.

Kifaru amefariki. Labda umeshaambiwa, labda mimi ndiye wa kwanza. Hakufumbua macho. Habari iliwafikia kwao kwa simu asubuhi, na mchana nilikuwa mlangoni kwa mama yake.

Nilivua aproni kabla sijaondoka machinjioni. Mjomba aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia nakwenda kukaa nje. Nilikaa kwenye ngazi ya fundi cherehani, waombolezaji wakinipita, wengine wakinitemea mate miguuni. Nikangoja mpaka alipotoka mwenyewe. Nikamwambia kila kitu: jiliwa, maji ya moto, sinki, na barua yangu. Sikuyataja ya mwanawe ili nimshinde. Niliyataja kwa sababu alitaka kujua mtoto wake alikufa kwa nini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Kisha nikamwambia, "Ngumi ni ya mwanangu, lakini pigo ni langu. Mimi ndiye niliyeliagiza."

Akaingia ndani. Nilidhani amekwisha. Akatoka na ile rula ndefu ya mbao anayopimia vitambaa, akanipiga nayo begani. Sikuinua mkono. Akanipiga uso. Akanipiga goti lile, mwanangu, goti lile, nikaona nyota mchana. Watu walitaka kumshika, nikawaambia wamwache. Alipiga mpaka rula ikakatika, akaendelea na kipande kilichobaki, huku akiita jina la mwanawe, lile la utotoni, ambalo sisi hatukulijua. Alipochoka alikaa ngazini kando yangu. Damu yangu ilikuwa inachuruzika kwenye kanga yake na hakusogea.

Nimeujua sasa huo ukuta uliokuwa wewe. Mimi nilikuwa ukuta kwa mchana mmoja tu nikadhani nitakufa. Wewe ulisimama miezi, kimya, kwa ajili ya shahada na bega la mjomba wako, nami nikakuita ngoma. Nisamehe.

Mdogo wake Kifaru anaondoka Jumamosi. Nafasi imekuwa yake, na kitanda nadhani ni kilekile. Mama yake alikataa, akalia, kisha akasema mtoto mmoja amekwenda kwa ajili ya nafasi hiyo, basi angalau mwingine aikalie. Kijana ni mkimya, hakujua lolote la nduguye, na aliniuliza kwa adabu huko baridi ikoje. Nilimwambia inamfuata mtu mpaka kitandani. Nimemfungia sweta lako lile lililobaki.

Barua hii anakuletea yeye mkononi. Posta sina hamu nayo tena.

Akifika atakuja mahabusu kukuona. Ameniambia waziwazi, mbele ya mama yake, kwamba atakupiga. Sikuwa na mdomo wa kumkataza. Simama wima, mwanangu, mikono chini, na ukiweza funga macho usione paji lake. Nimemwomba iwe mara moja tu.

Mama yako