Uji wa Waliofunga

Jumatatu, 3 Juni
Eliza hana adabu. Mjukuu wangu wa kumlea mwenyewe, anaingia nyumbani anatafuta pa kuchaji simu, shikamoo baadaye. Nimemsema.

Kaja huku Hombolo na saa ya kupimia mbio. Utafiti wa chuo kikuu, bila huo hamalizi masomo. Vijana wa timu ya kata watakimbia alfajiri, kundi moja limekula, jingine limefunga. Kufunga? Kwaresima si imeisha? Sielewi.

Jumatano, 5 Juni
Walioshiba walikimbia jana. Leo waliofunga wamekutana uani kwangu, Eliza katangulia uwanjani. Nikawauliza wanafunga kwa nia gani. Wakacheka. Hakuna hata mmoja anayeomba kitu. Basi hiyo si funga, ni njaa. Na mtoto wa mtu hatoki kwangu na njaa. Uji wa uwele, wamekunywa wote.

Chilo, yule mrefu, akauliza, "Bibi, dada akituuliza?"

Nikamwambia afute mdomo.

Ijumaa, 7 Juni
Eliza anaimba tangu asubuhi. Eti waliofunga wamekimbia sawasawa na walioshiba. Mwalimu wake kampigia simu, kamsifu. Nimefurahi. Halafu nimekosa raha. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Juni
Sasa najua. Chilo kaja. Kocha kasikia matokeo, kasema kuanzia Jumatatu wote wakimbie bila kula, wasomi wamethibitisha.

Wamethibitisha nini? Uji wangu?

Nina hasira, sijui nimkasirikie nani. Eliza ndiye aliyesema kufunga. Angesema wasile, ningeelewa. Uji ningewapa vilevile. Lakini ningejua ninachofanya.

Kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Juni
Tumetoka ibadani nikamwambia Eliza habari ya uji. Hakulia. Kakaa kwenye kigoda, kaangalia chini.

"Bibi, mbona hakuna ambaye angejua."

Mimi najua. Na wale watoto watajua wakianza kuanguka uwanjani.

Kisha kasema itabidi arudie yote, mwalimu atamuona mjinga. Amuone. Mpaka sasa sielewi kwa nini mtu apime njaa, njaa inajulikana. Ila kama anapima, apime ya kweli.

Alitaka kwenda kwa kocha kesho. Kesho alfajiri wanakimbia. Aende sasa hivi, ampigie mwalimu wake simu njiani. Chai atakunywa akirudi.