Mahali Ambapo Shangazi Hakutuonyesha

Neulmok, 4 Aprili

Mwanangu Seo-ran,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko mjini? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unalala dirisha wazi? Sisi wazima. Goti langu tu ndilo linalalamika ninaposukuma ubao wa kutelezea juu ya matope kwenda kuchimba, lakini limezoea kulalamika.

Barua yako nimeipata. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikishika simu napayuka, na Mama Chil-bok hapo jirani anasikia hadi ninavyopumua.

Kwa hiyo chuo kimewachanganya ninyi wa sheria na wale wa sayansi, muishauri halmashauri ya wilaya juu ya matope yetu: yaachwe, au yajazwe udongo, ijengwe bandari ya mashua za matajiri. Niliwasomea wanawake wenzangu wachimbaji. Mama Chil-bok akasema, "Siku hizi watoto ndio wanaowafundisha wakubwa?" Nikamwambia, "Wakubwa wameshindwa, waache wajaribu." Njooni wote wanne. Mchele upo, na kabichi ya kimchi niliyoichachusha Novemba imeiva vizuri. Maji yakipwa nitawapeleka mwenyewe mkahesabu kombe wanaojificha na magamba yao matopeni.

Shangazi yako,
Bun-rye

Gwangju, 19 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuomba uvae ile soksi ya daktari, usiifungie kabatini.

Ahsante kwa zile siku tano. Gyeong-su, yule mrefu wa sayansi aliyezama mpaka kiunoni mkamng'oa kama figili, bado anausimulia ule mchuzi wako wa kombe.

Lakini matokeo ni mabaya. Tulichimba pale mahali patatu ulipotuonyesha. Kila mita ya mraba tuliyopima ilikuwa na kombe wawili, watatu, pengine hakuna. Gyeong-su amerudia hesabu mara tatu. Tuliandika tulichokiona, maana hatuwezi kuandika tunachokitamani. Halmashauri imeisoma ripoti, na afisa mmoja akatuambia, "Basi, matope haya yamekufa. Hakuna cha kulinda." Tarehe 26 Juni kuna kikao mbele ya wananchi, halafu uamuzi.

Shangazi, nimekula kombe wako tangu nije kwako nikiwa na miaka saba. Walikuwa wanatoka wapi? Naomba unijibu.

Mwanao,
Seo-ran

Neulmok, 3 Juni

Mwanangu Seo-ran,

Amani ya Bwana iwe nawe. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua yako imekaa ndani ya Biblia yangu siku kumi na tatu. Kila ibada ya alfajiri naifungua Biblia, naikuta, naifunga tena.

Niliwadanganya.

Sikuwapeleka kwenye kombe. Niliwapeleka mahali palipochimbwa mpaka pakaisha, tunapowapeleka wageni wa Jumapili wanaokuja na ndoo zao za plastiki. Penye kombe ni ng'ambo ya mkondo wa pili. Pale huchimbwa miezi miwili tu kwa mwaka, mingine yote tunapafunga wenyewe, na hakuna mwanamke aliyewahi kuivunja amri hiyo. Mama mkwe alinionyesha mwaka wa tatu wa ndoa yangu, akaniambia ni pa wakwe, wanawake walioolewa hapa. Binti wa nyumbani haonyeshwi, maana ataolewa kwingine apeleke siri huko. Ndiyo maana hata wewe, niliyekulea, hujapaona.

Nilijua mnahesabu. Nilidhani kuhesabu ni kuhesabu tu, mtaandika namba zenu, mtapata alama zenu, mtaenda. Sikujua namba itarudi kutuzika. Mimi, shemasi wa kanisa, niliwatazama watoto wanne usoni nikawaambia, "Hapa ndipo penyewe."

Unisamehe ukiweza. Ukishindwa kwa sasa, niambie hivyohivyo.

Shangazi yako

Gwangju, 7 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri kuliko mimi.

Nimeumia. Miaka kumi na tano mezani kwako, kumbe nilikuwa mgeni wa ndoo ya plastiki. Nimelisema, sasa naliweka kando, kwa sababu muda hakuna.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Waligombana saa nzima. Gyeong-su alisema hesabu lazima irudiwe upya, na wakati wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali kabisa, vinginevyo yeye hatii sahihi. Bi-an, mwenzangu wa sheria, akamwambia, "Bahari yako ina ratiba, na halmashauri nayo ina ratiba!" Mwishowe walikaa meza moja, huyu na jedwali la maji, yule na kitabu cha kanuni. Bamvua ni tarehe 20. Na kanuni inaruhusu hesabu mpya ipokelewe, ila kwa sharti moja: aliyetuonyesha mahali asimame kikaoni, aulizwe kwa nini alituonyesha pengine, na ajibu mbele ya watu wote.

Hilo la wanawake kupafunga wenyewe, Bi-an ameliandika kama kifungu cha ushauri wetu: mahali palindwe, na kufunga na kufungua kubaki mikononi mwenu. Ramani haitabandikwa ukutani. Lakini bila hesabu, kifungu hicho hakina pa kusimama.

Sikulazimishi. Ni siri yenu.

Seo-ran

Neulmok, 15 Juni

Mwanangu Seo-ran,

Nakusalimu tena, na nauliza afya yako kwa woga kidogo, maana safari hii hukuandika "mwanao." Goti langu liache, leo si zamu yake.

Nimewaambia. Baada ya ibada ya alfajiri tuliingia banda la kuchambulia kombe, wote kumi na tisa, nikasema yote nikiwa nimesimama. Mama Chil-bok alirusha glavu zake. "Ukiwaonyesha leo, kesho watakuja na malori!" Nikamjibu, "Wakimwaga udongo, Mama Chil-bok, utamficha nani?" Akasema, "Wewe shemasi umedanganya watoto wa shule. Sisi tusio mashemasi tufanyeje?" Watu wakacheka, hata mimi, halafu nikalia. Niliwasomea kile kifungu cha Bi-an. Wakataka nikirudie pale panaposema kufunga na kufungua ni kwetu. Kumi na sita waliinua mikono. Mama Chil-bok hakuinua. Leo ni siku ya tatu hajanisalimia, na ndoo yangu iliyokuwa kwake ameirudisha bila neno.

Waliokubali wametoa sharti lao. Wamesema ni aibu mgeni apaone kabla ya mtoto tuliyemlea. Kwa hiyo wewe uje tarehe 19, siku moja kabla ya wenzako. Nitakupitisha ng'ambo ya mkondo mimi mwenyewe.

Sasa hilo la kikaoni. Nitasimama. Pasta atakuwepo, na wazee wote, na yule afisa. Nimeomba sana niondolewe kikombe hiki, nikaona hakiondoki, basi. Ila nina ombi. Swali lile usimwachie Bi-an wala mtu wa halmashauri. Uniulize wewe. Uniulize kwa jina langu zima, Pyo Bun-rye, kama anavyoulizwa mtu mzima, wala usinilainishie sauti. Wewe ndiye niliyekudanganya kwa muda mrefu kuliko wote. Nataka wewe uwe wa kwanza kunisikia nikisema kweli.

Nijibu upesi kama utakubali.

Shangazi yako,
Bun-rye