Taa Ulizomtumia Mama

Nyumbani kwa Mama,
Saltpond, Ghana.
16 Desemba 2019

Mpendwa kaka Abeiku,

Habari za Chicago na hiyo baridi yenu? Kifua kimepona? Sisi huku ni wazima, ila harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi, imeanza na midomo imetupasuka sote. Mama anakula vizuri. Anaisalimia picha yako ya sebuleni asubuhi na jioni.

Sikupiga simu kwa sababu Mama hukaa ubavuni mwangu akisikiliza kila neno. Barua hii nampa Mchungaji Ansah, anasafiri Alhamisi, atakukabidhi mkononi.

Kaka, nimechoka. Nimechoka na zile taa zako za Krismasi!

Ulizituma hukukumbuka kwamba umeme wa huko ni nusu ya wetu. Haya, fundi akatuletea boksi la kupunguza umeme. Lakini Mama amezitundika kwenye kibanda cha makuti, kama kile ulichokuwa ukijenga mlangoni pa jiko kila Krismasi ulipokuwa mdogo. Makuti yamekauka, ukiyagusa yanavunjika mkononi. Na hilo boksi linapata moto mpaka huwezi kulishika. Mama anasema vumbi litaliharibu boksi la mwanawe. Basi kalifunika kwa kitenge, tena kakikunja mara nne!

Nikakiondoa. Akakirudisha. Nikakiondoa tena, akanuna, akakataa kula kenkey yangu ya mahindi siku nzima. Nikamwomba angalau tuzizime tukienda kanisani. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwani taa umeletewa wewe, Araba?"

Jumapili ya tarehe nane tulipotoka ibadani tulimkuta jirani yetu Mzee Fiifi uani kwetu, jasho linamtiririka, ndoo tupu mkononi. Kitenge kilikuwa kimeshika moto, na moto ukaparamia kuti la kwanza. Bahati yetu aliona moshi, akachomoa waya, akaumwagia moto mchanga. Mtungi wa gesi uko hatua tatu kutoka pale. Hatua tatu, kaka!

Unajua Mama alifanyaje? Alimshukuru Mzee Fiifi, akafagia majivu, akafunga kuti jingine, akachomeka waya. Na kitenge kipya juu.

"Moto wenyewe ule hata chai usingechemsha," akasema. Mzee Fiifi akacheka. Mimi nililia kwa hasira.

Sasa usiniambie niongee naye. Nimeongea mpaka koo limekauka. Nilificha waya, akaenda kuazima mwingine kwa jirani, na huko akanisema kwamba nina wivu.

Jana nilimkalisha nikamuuliza kwa upole, Mama, mchana wote huu nani anaziona hizo taa? Kwa nini zisipumzike hata saa moja? Akanijibu bila ugomvi wowote.

"Kaka yako kasema Krismasi hii anakuja. Hakusema saa ngapi."

Umemwambia hivyo miaka sita, Abeiku. Zamani nilikuwa nacheka tu. Siku hizi nikiwa sokoni nikisikia harufu ya moshi, naacha samaki kwenye mizani nakimbia nyumbani.

Mpigie, tafadhali. Habari za boksi na kitenge ziache, hatakusikia. Kama unakuja, mtajie siku na saa. Kama huji, mwambie huji. Atalia, nami nitakuwepo kumbembeleza. Kisha ataenda kuzizima mwenyewe.

Nisalimie wifi Ewurama na mapacha. Mzee Fiifi anakusalimu sana, anasema ndoo keshaijaza mchanga tena. Mungu akufunike kwa mkono wake, kwa upole kuliko Mama anavyolifunika boksi lako.

Nimekaa mlangoni pa jiko nikiandika haya. Ni saa sita mchana, jua kali, na taa zako zote zinawaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Araba