Majina ya Wagonjwa wa Daktari Njura

Majimbo, Embu
9 Machi 1998

Kwako mdogo wangu Mwaniki,

Bwana asifiwe sana. Kile kifua chako kimepoa, ama bado Nairobi inakukohoza? Sisi tuko salama, ni Purity wangu tu ana mafua.

Nina habari. Pale hospitali nimetolewa kwa taipureta, nikapewa kompyuta! Imeunganishwa na waya wa simu ili ofisi ya misheni huko Meru isome ripoti zetu. Daktari Njura amenikabidhi majina ya waliopimwa wakapatikana na ule ugonjwa. Aliniambia, "Mama Purity, jina moja likitoka hapa, mtu anafukuzwa kwao." Naogopa hata kuyasoma kwa midomo.

Neno la siri natakiwa nibadilishe kila mwezi. Kichwa changu unakijua, basi naweka ile sura akina mama tunayokariri kanisani. Mwezi huu ni Zaburi121. Mwizi gani husoma Biblia? Usicheke. Wewe ndiye wa kulinda kompyuta, niambie kama nimefanya vizuri.

Dada yako,
Jedidah

Nairobi
19 Machi 1998

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, ni roho haijatulia. Hongera, mama wa kompyuta!

Hapa kazini tuko watano, kila mmoja na jina la kujipachika. Mimi ni Chui wa Runyenjes. Sifa kwetu ni kuingia kompyuta ya mtu, usiibe kitu, umwachie salamu, utoke. Lakini mdosi wetu Mbogo hataki sifa siku hizi. Kila mmoja alete mteja wa kununua ulinzi wetu kabla ya mwisho wa Aprili, ama aende nyumbani.

Hiyo kompyuta yenu inatumia namba ileile ya simu ya ofisi?

Mdogo wako,
Mwaniki

Majimbo, Embu
27 Machi 1998

Mwaniki wangu,

Habari ya siku hizi? Unakula? Nimekuombea mbele ya akina mama wote. Mungu ni mkubwa kuliko bosi wako. Moyo ukilemewa, soma Yohana 14, ndiyo yetu ya Aprili.

Namba si ya ofisi, ni ile ya chumba cha nyuma, inaishia 417. Lakini hukunijibu: nimefanya vizuri?

Dada yako,
Jedidah

Majimbo, Embu
22 Aprili 1998

Mwaniki,

Natumaini u mzima.

Juzi Daktari Njura alipata barua ya Mbogo, ya kumuuzia ulinzi wa kompyuta. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya majina kumi na mawili, kuonyesha kwamba mliingia Ijumaa Kuu, kwa neno langu la siri. Saa hiyo mimi niko kanisani.

"Mama Purity, nani alijua?"

"Ndugu yangu," nikamwambia. "Nilimwandikia kwa mkono wangu."

Hakunifokea. Alishika kichwa tu. Ijumaa bodi itaamua juu yangu, na hilo nimelipokea.

Lakini katika wale kumi na wawili, mmoja naimba naye kwaya, na wewe unamjua tangu utoto. Sitaandika ni nani. Jana alinisalimia kwa mikono miwili akicheka, hajui kitu. Nikaangalia viatu vyake.

Usinitumie pole. Niambie karatasi mlitoa ngapi, na ni akina nani wamezisoma. Zilizobaki kwa Mbogo zichukue, uzichome wewe mwenyewe. Daktari hajui kama awaambie wenyewe ama anyamaze. Anangoja barua yako.

Nijibu haraka.

Dada yako,
Jedidah