Kurasa za Dezire

Mukubwa wangu Dezire,

Meza ya Huseni ya kukatia vitambaa ingali pale nyuma ya duka lake, hapa Rumonge. Jumapili mchana tulikuwa tunaiondolea mikasi na chaki, wewe unakaa kwenye ncha ya meza na kutuchezesha mchezo wa kusimulia, ndani ya nchi yako ya kubuni, Bandasiri. Huseni alikuwa mfalme asiye na meno. Klodeti, baada ya wiki nzima ya kufundisha shuleni kule Kizuka, aligeuka mwizi wa ng'ombe. Mimi nilikuwa Nyakeza, mganga anayeogopa damu. Tukitupa dadu vibaya, ulicheka kabla ya kutuambia yaliyotupata.

Ni wewe uliyetufungulia wiki, ile tovuti ambamo kila mmoja wetu aliandika na kumsahihisha mwenzake, ili tusisahau mito, vita na majina. Nilipomwoza Nyakeza kwa mvuvi bila kukuuliza, ulinipigia simu: "Wee mutoto, umeoza mganga wangu?" Lakini hukufuta. Uliongeza mahari.

Kisha ukaugua. Tulikupeleka Bujumbura, na nikarudi na nguo zako.

Mwaka huu tovuti ilitangaza kwamba inafungwa. Mwenye wiki peke yake ndiye angeweza kuihamisha yote, na namba ya kuthibitisha ingetumwa kwenye simu yako. Laini yako kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine. Nikapiga, akapokea mama mmoja wa Kabezi.

"Amahoro, mama. Hii namba ilikuwa ya mukubwa wangu."

"Ah! Dezire? Watu wananipigia kila mara wanamuuliza. Iko wapi yeye?"

"Alikufa, mama."

Nikasikia kuku wake. "Wihangane, pole mwanangu. Sema, nikusaidie nini?"

Nikamweleza; tovuti ilipomtumia namba ile, alinisomea taratibu, tarakimu moja moja, akairudia. Ilikubali! Huseni akapiga makofi. Halafu tovuti ikataka neno lako la siri. Tulijaribu jina la mama yetu, jina la kambi tulimozaliwa Tanzania, Bandasiri, hata Nyakeza. Ikatuzuia kujaribu tena. Klodeti aliwaandikia wenye tovuti kwa Kifaransa chake cha darasani. Walijibu kwa upole kwamba wanasikitika, ila mwenyewe ndiye anayetakiwa kuomba.

Mwenyewe. Ningekutoa wapi?

Basi tukagawana kurasa, tukazinakili kwenye wiki mpya, moja moja, kwa vidole, intaneti ikikatika na kurudi. Nilichukua zako zote. Nilikuta ukurasa wenye kichwa "Mlango wa Ziwa" na sentensi moja tu: "Hapa ndipo watakapojua." Klodeti akauliza, "Tujue nini?" Nimekaa mbele ya sentensi hiyo mara nyingi, Dezire. Nimeinakili ilivyo.

Wiki ya zamani imeshafungwa. Tumeokoa karibu maneno yote. Ila kwenye wiki, chini ya kila ukurasa, mashine huandika yenyewe jina la aliyeuweka. Juu nimeandika kwamba ni wako. Chini sina uwezo wa kugusa. Nikifungua mito yako, vita vyako, yule mfalme aliyemchekesha Huseni mpaka akashindwa kushika sindano, kila mahali panasema niliandika mimi.

Ni mimi, mudogo wako,
Anitha